Mambo Tuliyodhani

Mama alikata roho saa tisa usiku, Februari,
theluji ikiwa imefika kizingitini,
na hakujapambazuka vizuri, Tegid,
jirani wa ng'ambo ya bonde, alikwisha kuja na sheria.
"Lazima aondolewe leo hii hii.
Serikali haitaki maiti nyumbani."
Alisema akiwa amevua kofia,
kwa upole wa mtu asiyewahi kusoma sheria yoyote
ila ile ya mbwa na kondoo wa jirani.

Tukamwamini. Mfiwa humwamini kila mwenye kofia mkononi.

Saa nne shangazi Mererid akapiga simu kutoka Aberystwyth:
lazima atiwe dawa mishipani, asiharibike,
lazima jeneza la mwaloni, la dukani,
lazima kampuni, suti, gari.
Nikaziandika kwa chaki mlangoni pa zizi:
lazima kumi na moja,
na bei pembeni, kama kondoo wa mnadani.

Dada yangu Heulwen hana subira na neno hilo.
Alivaa buti za matope akashuka mjini kwa msajili,
mwanamke mwembamba mwenye mafua,
akamwuliza moja moja, naye akajibu
huku akipenga kamasi:
Hapana. Si lazima. Hapana.
Mnaweza kukaa naye nyumbani. Mnaweza kumbeba wenyewe.
Sanduku liwe la mbao, la vijiti vya msafsafi, la karatasi ngumu,
sheria haijali, mradi asionekane njiani.
Ninachotaka mimi ni hati ya daktari
na jina lake la pili liandikwe sawasawa.

Basi tukamlaza Mama chumba cha kaskazini,
dirisha wazi, chupa za barafu mbavuni
zimeviringwa kwa taulo zake za jikoni.
Siku ya tatu hapakuwa na harufu ila ya sabuni.
Niliogopa kumgusa. Nilidhani wafu wana baridi yao.
Kumbe ni baridi hii hii, ya ndoo,
ya kitasa cha mlango asubuhi.
Mwana wa Heulwen, miaka sita, tuliyeambiwa tumfiche,
aliingia, akamchana nywele,
akauliza kama Nain atahitaji soksi.
Tukamvisha soksi.

Mimi nikaranda mbao za zizi la zamani.
Sikulala. Nilijivuna, nakiri:
jeneza bila hata senti!
Tungemtia kwenye gari la malisho,
tumpeleke kanisani kama alivyoishi, bila makuu.
Maana Mama, tulisema, hakupenda makuu.
Na maiti haulizwi sanda.

Alhamisi Heulwen akafungua lile kopo la chai
lisilowahi kutiwa chai, akakuta
risiti za miaka ishirini na miwili,
paundi nne kwa mwezi, zimekunjwa kama barua za mchumba,
na karatasi, kwa ule mwandiko wa kuegemea kushoto:

"Nataka gari jeusi, refu, lenye vioo.
Lipite barabara ya juu, si ya mkato,
na mbele ya nyumba ya Blodwen liende polepole."

Tulicheka mpaka Heulwen akakaa sakafuni,
kisha kicheko kikageuka,
wala hatukukizuia.

Ikawa hivyo:
sanduku langu, lenye msumari mmoja uliopinda,
ndani ya gari linalong'aa kama buti la askari,
dereva mwenye glavu akishika barabara ya juu,
akipunguza mwendo, akipunguza tena,
hata nikaziona vizuri chupa za maziwa
mlangoni kwa Blodwen: tatu, moja imevunjika shingo.

Pazia likasogea.
Mama, nadhani, hakugeuza hata jicho.